Matunzo ya Mnadani

Rodrick wa Kihurio alikuwa baba mwema, na aliyekuwa na shaka angeweza kwenda kujionea mwenyewe Jumapili yoyote baada ya ibada, nje ya kanisa, mnada ulipoanza. Shamba lake la mpunga lilimlipa, mashine yake ya kukoboa haikupumzika, na shati lake la Jumapili lilipigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Kila wiki alipanda pikipiki mpaka Gonja kusali, ingawa hata Kihurio makanisa yapo, kwa sababu Gonja ndiko walikokuwa watu waliomjua tangu alipokuwa na mke. Kuwa mwema mbele ya wasiokujua ni kupoteza mafuta bure.

Mnada wenyewe kila Mlutheri wa milimani anaujua. Asiye na hela ya sadaka huleta alichonacho: jogoo, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, boga. Ibada ikiisha vitu vinanadiwa pale uwanjani, na bei yake haina undugu wowote na bei ya soko, maana anayenunua hanunui jogoo, anamtolea Mungu, na majirani wakimwona si vibaya. Aliyeshinda akitaka, anaweza kukitoa kitu hicho zawadi kwa mtu mwingine. Rodrick alikuwa anasubiri bei ifike pale ambapo wengine wanaanza kuangalia viatu vyao, ndipo anainua mkono.

"Elfu sabini. Na huyo jogoo apewe binti yangu, Agape."

Hapo mnadishaji anaomba makofi ya kilo, Agape anatoka kwenye kundi la kwaya, anakabidhiwa jogoo aliyefungwa miguu, na usharika mzima unaona kwa macho yake jinsi baba anavyompenda mwanawe, hata kama yeye na mama yake walishindwana.

Mama yake alikuwa Asteria, fundi cherehani, na yeye pia alipiga makofi. Angefanyaje? Agape alikuwa akirudi na yule jogoo huku uso umemwiva kwa furaha, anatembea kama aliyepewa cheo. Kwa msichana wa kidato cha tatu ambaye baba yake hakai nyumbani, kuitwa jina lake mbele za watu wote ni jambo kubwa, na Asteria aliliona hilo na likamuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Kwa hiyo alinyamaza. Alichinja jogoo, akapika, akala.

Tatizo lilikuwa kwenye simu. Mwaka uliotangulia, yeye na Rodrick walikuwa wameitwa Same mjini, kwa Bi Faustina, afisa ustawi wa jamii, wakaandikishiana kwamba baba atatuma shilingi elfu themanini kila mwezi za matunzo ya mtoto. Rodrick alisaini kwa mbwembwe, akauliza kama anaweza kubaki na kalamu. Akatuma mwezi wa kwanza. Akatuma wa pili. Akatuma mara mbili nyingine kwa kuruka ruka, kisha simu ikanyamaza kabisa. Asteria alipompigia kumkumbusha, Rodrick alicheka kwa upole.

"Mama Agape, kwani Jumapili hukuwepo?"

Asteria alidhani ni mzaha. Hakujua bado kwamba Rodrick hafanyi mzaha kwenye mambo ya hela.

Alijua siku alipopelekewa bahasha na kondakta wa basi la Same. Ndani mlikuwa na barua fupi ya Bi Faustina ya kumwita ofisini, na nyuma ya barua kulikuwa na karatasi ambazo Rodrick alikuwa amezichapisha kwenye stesheneri, zikiwa na urembo wa maua pembeni kama kadi ya mchango wa harusi. Juu yake palikuwa na maandishi makubwa: TAARIFA YA MATUNZO YALIYOLIPWA. Chini yake palikuwa na tarehe, maelezo na kiasi, ukurasa baada ya ukurasa, na mwishoni kabisa jumla: milioni moja na laki sita. Kwa hesabu hiyo, Rodrick alikuwa amelipa kupita kiasi. Kwa unyenyekevu mkubwa alikuwa anaiomba ofisi imruhusu kupumzika kutuma chochote kwa miezi sita.

Asteria alikaa chini. Mwalimu wa hosteli alikuwa ameshamwambia kwamba mwisho wa mwezi Agape asipolipiwa, kitanda chake atapewa mwenzake, wapo wanaokisubiri. Nyumba yao iko juu, karibu na msitu, na shule iko chini kabisa. Binti akitolewa hosteli atakuwa anashuka gizani na kupanda gizani, na Asteria aliwafahamu wasichana wawili waliosoma kwa mtindo huo. Mmoja alikuwa ananyonyesha sasa. Mwingine aliacha tu, bila hata sababu ya maana, kwa kuchoka.

Akaisoma taarifa. Jogoo, elfu sabini. Trei ya mayai, elfu sitini. Mkungu wa ndizi, elfu arobaini na tano. Boga, elfu thelathini. Jogoo tena. Jogoo wengine. Kilichomtisha ni kwamba hakuona uongo. Tarehe zote za mnada zilikuwa Jumapili za kweli. Jogoo wote aliwakumbuka, wengine mpaka kwa rangi. Kwa muda mfupi, na hili lilimtia aibu baadaye, alijiona yeye ndiye mwizi: amekula majogoo ya milioni na bado anadai.

Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku mmoja. Wanatuonea. Hapa kuku walikuwa wengi, na Asteria hakuwa na ng'ombe.

Alimpigia Bi Faustina, akamweleza kwamba yaliyoandikwa yote yalitokea.

"Mama, usinisomee alichotoa yeye," Bi Faustina alisema, na nyuma yake kulikuwa na mtoto wa mtu analia. "Watu wanatoa vitu vingi duniani. Wewe kaa chini, kila mstari uniandikie ulipokea nini wewe au mtoto. Halafu uje."

Asteria alichukua chaki ya kushonea, akaziweka karatasi juu ya meza ya cherehani, akaanza upya, mstari kwa mstari. Elfu themanini kwa simu: nilipokea. Akaweka alama. Mchele magunia mawili: nilipokea, na ulikuwa mchele mzuri, haki ya mtu apewe. Alama. Jogoo wa elfu sabini: nilipokea jogoo. Akaishikilia chaki hewani. Jogoo alipokelewa Gonja, nyumbani kwake. Elfu sabini ilipokelewa na nani? Boga la elfu thelathini ndilo lililomfungua macho kabisa, kwa sababu boga hilo hawakulionja. Rodrick alilinunua "kwa niaba ya binti yangu Agape" akamzawadia mchungaji. Mchungaji alilila, na alistahili, lakini mpaka siku hiyo hakuna aliyemweleza kwamba amekula matunzo ya mtoto.

Ndipo Asteria alipoona kilichokuwa kinakosekana kwenye taarifa ile nzuri yenye maua. Tarehe ilikuwepo, maelezo yalikuwepo, kiasi kilikuwepo. Sehemu ya kuonyesha nani aliipokea hela haikuwepo kabisa. Lilikuwa shati lililoshonwa vizuri mno, halina mahali pa kupitisha kichwa.

Siku ya kuitwa, Rodrick alifika Same na suti, na hakuja peke yake. Alikuja na Mzee Zebedayo, mkulima wa tangawizi na mhazini wa usharika, mtu ambaye hajawahi kuchelewa ibada wala kudaiwa na mtu. Rodrick alikuwa amemleta awe shahidi wa ukarimu wake. Na haikuwa kwa ajili ya Bi Faustina peke yake. Uchaguzi wa wazee wa kanisa ulikuwa unakaribia, jina la Rodrick lilikuwa limeshapendekezwa, na haidhuru kitu mhazini akisikia habari zako njema kwenye ofisi ya serikali.

"Shikamoo, mzee," Asteria alisema.

"Marahaba, mwanangu. Agape hajambo?"

"Hajambo, mzee."

Rodrick alitangulia kusema kwamba yeye si mtu wa maneno mengi, kisha akayasema yote. Alisema juu ya mapenzi ya baba. Alisema juu ya wanaume wengine, wanaokimbia watoto, ambao yeye anawashangaa. Alisema kwamba kama ni suala la siri, yeye hana siri, matunzo yake ameyatoa hadharani mbele ya mashahidi mia mbili na Mungu. Risiti hizo hapo, zina muhuri wa usharika. Akazitandaza mezani, moja moja, kwa upole.

Bi Faustina alizitazama, akamgeukia Asteria. "Mama Agape, unabisha nini?"

"Tarehe sibishi," Asteria alisema. "Yaliyoandikwa yalitokea, isipokuwa boga hatukulila sisi. Nina swali moja tu, na namuuliza mzee, kama ataniruhusu."

Rodrick alitabasamu. Mzee Zebedayo aliruhusu kwa kichwa.

"Mzee, zile hela za jogoo, usharika uliziandika kama nini?"

"Sadaka ya mnada. Mfuko wa jengo."

"Si hela za Agape?"

Mzee Zebedayo alishangaa kuulizwa. "Hela za mtoto tungezipokea kwa lipi, mwanangu? Sisi tunapokea sadaka."

"Ndiyo nilivyojua na mimi. Ila Baba Agape anasema zilikuwa za Agape, na mimi sitaki kumfanya mwongo mbele za watu. Basi kama ni za Agape, simdai yeye. Jumapili baada ya matangazo nitasimama, kwa heshima zote, niuombe usharika urudishe hela za mtoto zilizoingia kwenye jengo kwa bahati mbaya. Afisa atanisaidia kuandika barua."

Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya cherehani mpaka cherehani ikachoka.

Mzee Zebedayo alivua miwani. "Hizo hela zimeshakuwa bati," alisema taratibu. "Ziko juu ya paa. Zimeshapigiwa misumari."

"Basi Agape ana bati zake pale," Bi Faustina alisema, bila kucheka hata kidogo. "Mvua ikinyesha aende akalale chini yake, kama hosteli watamtoa. Baba Agape, nisaidie. Hii jumla ya hapa, ilikuwa sadaka au yalikuwa matunzo?"

"Yalikuwa yote mawili," Rodrick alisema. "Mtu anaweza kumtolea Mungu na akamkumbuka mwanawe."

"Kumkumbuka ruksa. Lakini hela ile ile siwezi kuiandika mara mbili. Chagua moja, niandike."

Rodrick alimtazama mhazini. Mhazini alikuwa anamtazama pia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakumtazama kama mpiga kura. Akisema matunzo, basi muda wote huo alikuwa anapigiwa makofi kwa kulipa deni lake, na kanisa limejengwa kwa chakula cha mwanawe. Akisema sadaka, anadaiwa. Mtu mwenye shamba la mpunga anaweza kulipa deni. Kupata makofi upya ni kazi ngumu zaidi.

"Sadaka," alisema, kwa sauti ambayo pale mnadani isingemfikia hata mtu wa mbele.

"Sikusikia."

"Nimesema ilikuwa sadaka."

Mzee Zebedayo alikohoa. Alisema kwamba maadamu wameshafika huko, na kwa kuwa yeye ni mhazini na hapendi jambo likae nusu, ingefaa ijulikane kwamba baadhi ya hizo sadaka bado ni ahadi. Trei mbili za mayai, kwa mfano, na yule jogoo mwekundu. Risiti zake hazipo mezani kwa sababu hazijawahi kukatwa. Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, akavaa miwani yake.

Bi Faustina alichukua rula, akapiga mstari kwenye vitu vyote vya mnadani, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maua ya pembeni yalibaki. Baada ya hapo zilisalia zile hela za simu, mchele, na kitu kimoja ambacho Asteria alikuwa amekiona tangu nyumbani na kukiacha bila alama yoyote, kwa sababu chaki ilikataa.

"Biblia ya kipaimara, elfu thelathini na tano," Bi Faustina alisoma. "Hii si ya mnadani. Mtoto aliipokea?"

"Aliipokea," Asteria alisema. "Anailalia."

"Basi niambieni. Ni zawadi au ni malipo? Baba Agape?"

Hapa hapakuwa na sababu ya kumwogopa mhazini, wala bati, wala uchaguzi. Mtu angeweza kusema zawadi, na ingemgharimu bei ya jogoo nusu. Asteria alimtazama mwanaume aliyewahi kumpenda, akamwombea kimoyomoyo, kwa dhati kabisa, aseme zawadi.

"Ibaki," Rodrick alisema. "Niliinunua kwa hela yangu. Haki ni haki."

Bi Faustina akashika kalamu.

"Subiri, dada," Asteria alisema. "Hiyo karatasi utakayoichapa, Agape ataiomba aisome. Huyo ni mtoto wa kusoma mpaka karatasi ya sabuni. Usiandike Biblia. Mhesabie baba yake hiyo thelathini na tano, sikatai, ila andika nimepokea taslimu."

"Mama, siwezi kuandika taslimu ambayo haikupita."

Asteria alifungua mkoba. Mlikuwa na nauli ya kurudi na hela ya mteja ya kununulia kitambaa cha sare. Alihesabu elfu thelathini na tano, akaziweka mezani mbele ya Rodrick. "Baba Agape, shika. Nimeinunua Biblia yako. Sasa hizo ulizoshika, nipe, ni matunzo ya mtoto."

Mzee Zebedayo alikuwa amegeukia dirishani, anatazama kilima cha Same kama aliyekuwa hajakiona tangu azaliwe.

Rodrick alizichukua zile noti. Akazihesabu. Zilikuwa noti chache tu na zilikuwa zimehesabiwa mbele yake, lakini alizihesabu, na Asteria akahisi kitu kilichokuwa kimebaki ndani yake kwa miaka minne kinaondoka kimya kimya. Kisha Rodrick akazirudisha mezani, na Bi Faustina akaandika: taslimu, elfu thelathini na tano, amepokea mama wa mtoto.

Deni lililobaki lilikuwa zaidi ya laki tano na nusu. Bi Faustina hakumruhusu Rodrick kuinuka mpaka alipoituma hela ya hosteli, pale pale, kwenda kwenye akaunti ya shule, na ujumbe wa kuthibitisha akausoma yeye mwenyewe kwenye simu. Kwa zilizobaki akampangia miezi.

Jumamosi Agape alipanda nyumbani kutoka hosteli. Alinawa, akala kande, halafu akaomba karatasi, kama mama yake alivyojua. Aliisoma amesimama mlangoni, penye mwanga. Asteria aliendelea kukanyaga cherehani, anashona pindo ambalo alikuwa ameshalishona.

"Kuku hawamo," Agape alisema.

"Wamo kwa lipi? Wale alikupa."

"Na Biblia haimo."

"Na Biblia alikupa. Mtu anaandika zawadi?"

Agape aliikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaja akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya mama yake.

"Mwezi uliopita baba alikuja shuleni," alisema. "Nilifikiri kaja kunisalimia. Alikuwa anataka ile risiti ya duka la vitabu. Nilikuwa naitumia kuweka alama kwenye Zaburi."

Cherehani ilisimama.

"Nilimpa," Agape alisema. "Sikukuambia kwa sababu nilijua utaumia."